Umbali Si Huruma

Katika mdahalo wa darasa letu muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba kuwapeleka wafungwa ng'ambo ilikuwa adhabu ya huruma. Hoja yake ilikuwa hivi: Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na makosa zaidi ya 200 yaliyoweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi, hata la kuiba kondoo; basi aliyepakiwa melini badala ya kunyongwa alipewa uhai. Akaongeza kuwa wengi walifanikiwa huko walikopelekwa, na kwamba Australia leo ni nchi tajiri. Darasa likapiga makofi. Kura zilipohesabiwa, upande wangu ulikuwa umeshindwa vibaya.

Naandika insha hii kwa sababu sikuridhika na kura ile, wala sikuridhika na nafsi yangu, maana nilizungumza kwa hasira nikasahau nusu ya niliyoyasoma. Dai langu ni moja. Adhabu hii haikuwa huruma kwa mfungwa, wala haikuwa haki kwa mtu aliyeibiwa. Ilikuwa njia ya mwenye nguvu kumwondoa mtu machoni pake na kumtupia gharama mwingine ambaye hakuulizwa. Na jambo hili halijaisha. Linatuhusu sisi wananchi wa Uganda mwaka huu, kama nitakavyoonyesha mbele.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Waingereza waliiita adhabu hii kwa neno lilelile wanalolitumia wanapozungumzia kusafirisha magunia ya kahawa. Kiswahili chetu nacho si safi sana hapa. Tunasema mtu "amehamishwa". Mwalimu wa shule ya msingi akitolewa Masindi akapelekwa Kitgum, amehamishwa. Mfalme akikamatwa vitani, akavushwa bahari, akafia kisiwani, naye tunasema alihamishwa, aliishi uhamishoni. Neno hilohilo linambeba mwenye barua ya ajira na mwenye pingu. Mimi katika insha hii nitasema "kutupwa ng'ambo", na mwalimu akinikata alama kwa hilo, nitazikubali.

Mwaka 1718 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoifanya adhabu hii kuwa jambo la kila siku: miaka 7 kwa makosa ya kawaida, miaka 14 kwa waliosamehewa kitanzi. Kabla ya vita vya uhuru vya Amerika kuanza mwaka 1775, watu wapatao 50,000 walikuwa wamekwisha kutupwa katika makoloni ya huko, hasa Maryland na Virginia. Walipofika, nguvu zao za kazi ziliuzwa. Kwa muda mrefu mfanyabiashara wa meli alilipwa na serikali kwa kuwachukua, kisha akalipwa tena na mwenye shamba kwa kuwashusha. Na mfungwa aliyerudi nyumbani kabla ya muda wake kwisha alistahili kunyongwa. Hebu tuitazame huruma hiyo vizuri: kitanzi hakikuondolewa, kilihamishiwa mlangoni pa nyumbani kwake.

Waliopokea hawakuulizwa. Mwaka 1751 Benjamin Franklin aliandika gazetini makala ya kejeli, akasema kwamba kwa kuwa Uingereza inawapelekea wahalifu wake kwa wema mkubwa namna hiyo, ni utovu wa adabu kutorudisha fadhila. Akapendekeza watu wa Amerika wawakusanye wale nyoka wao wenye kayamba mkiani, wawapeleke London, wakawaachilie katika bustani za wakubwa. Ninaipenda makala hiyo, ingawa Franklin mwenyewe alikuwa na watumwa nyumbani kwake, kwa hiyo uchungu wake juu ya watu kusafirishwa kama bidhaa ulikuwa na mipaka.

Vita vilipoufunga mlango wa Amerika, serikali ilichukua meli kuukuu zisizoweza tena kusafiri, ikazitia nanga katika mto Thames, ikawajaza wafungwa humo, ikasubiri. Ilisubiri zaidi ya miaka 10. Halafu tarehe 13 Mei 1787 meli 11 ziliondoka Portsmouth chini ya Arthur Phillip, zikiwa na wafungwa zaidi ya 700, wanaume kwa wanawake. Zilifika Januari 1788, baada ya miezi 8, mahali ambapo leo ni Sydney. Tangu hapo hadi Januari 1868, meli ya mwisho ilipotia nanga Australia Magharibi, watu wapatao 162,000 walitupwa huko. Kama 25,000 kati yao walikuwa wanawake.

Tarakimu hizi mwenzangu wa mdahalo alizitaja vizuri kuliko mimi. Alichosahau ni makaratasi.

Meli zile za kwanza zilipoondoka, hati zilizoonyesha nani alihukumiwa lini na kwa muda gani ziliachwa Uingereza. Wengi wa wafungwa walikuwa wamehukumiwa miaka 7, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kukaa miaka kadhaa gerezani na katika zile meli kuukuu. Ikawa kwamba mwaka 1789 mtu anasimama anasema: bwana, muda wangu umekwisha. Phillip hana karatasi ya kumkubalia wala ya kumkatalia. Basi mtu huru akaendelea kufanya kazi ya mfungwa, akisubiri meli ilete jibu kutoka upande wa pili wa dunia. Mmoja wao, John Cullyhorn, alilalamika kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Jibu alilopata ni kuhukumiwa viboko.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara ninasimama hapo. Hakimu alisema miaka 7. Hakusema "na mingine mpaka barua ifike." Hakusema pia kwamba serikali itampeleka bure na haitamrudisha bure. Maana ndivyo ilivyokuwa: aliyemaliza kifungo aliruhusiwa kurudi kwao, kwa nauli yake mwenyewe, safari ya miezi mingi. Kijana mwenye nguvu aliweza kuomba kazi ya ubaharia akarudi hivyo. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni je? Kwa walio wengi miaka 7 iligeuka kuwa maisha, na hakuna hakimu aliyewahi kuitamka hukumu hiyo.

Wafaransa walikuwa wakweli zaidi, kama ukweli wa namna hiyo ni sifa. Sheria yao ya mwaka 1854, iliyowahusu waliopelekwa Guyane kwa kazi ngumu, iliandika waziwazi: aliyehukumiwa chini ya miaka 8, akimaliza abaki kolonini kwa muda mwingine kama ule, aliyehukumiwa miaka 8 au zaidi, abaki huko maisha yake yote. Mwaka 1885 wakaongeza sheria ya kuwatupa huko hata wezi wadogo wadogo waliorudia makosa. Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi ambaye hakuwa na hatia yoyote, alikaa kwenye kisiwa cha huko hadi mwaka 1899, na tunamjua kwa sababu alikuwa na ndugu na marafiki waliojua kupiga kelele magazetini. Mwizi wa kuku kutoka Marseille hakuwa nao.

Niseme kidogo juu ya umbali kwa upande wangu. Mjomba wangu alifungwa miaka 2, kwa kosa alilolitenda kweli, sitamtetea. Baada ya miezi michache alipelekwa gereza lingine, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka kwetu. Bibi yangu alikwenda kumwona mara moja tu. Alibeba karanga, ndizi, na sweta. Alipofika langoni aliambiwa siku ile si ya kutembelea wafungwa. Akalala kwa watu asiowajua. Kesho yake akaambiwa mjomba ametoka alfajiri na wenzake kwenda kulima, na haijulikani watarudi saa ngapi. Pesa ya kulala siku ya tatu hakuwa nayo. Akarudi na kikapu chake. Karanga zile tulizila sisi watoto.

Hiyo ni ndani ya nchi moja, kwa basi, na askari wa langoni walizungumza lugha ambayo bibi alielewa nusu yake. Ongeza hapo bahari.

Umbali unamtenga mfungwa na mama yake, na unamtenga pia na kila mtu ambaye angeweza kuuliza anatendewaje. Hapo mtu anageuka mzigo, na mzigo hulipiwa kwa idadi. Msafara wa pili kwenda Sydney, uliofika Juni 1790, ulikabidhiwa kampuni ya Camden, Calvert na King, ambayo ilikuwa na uzoefu wa biashara ya watumwa. Mkataba ulilipa zaidi ya pauni 17 kwa kila mfungwa aliyepakiwa. Aliyepakiwa, si aliyeshushwa akiwa hai. Tena, kila aliyekufa mapema aliacha chakula chake ambacho kingeweza kuuzwa mwisho wa safari. Wafungwa kama 1,000 walipakiwa. Takriban robo yao walikufa baharini, na wengine wengi wakafa mara baada ya kufika. Walikuwa wamefungwa minyororo ya aina iliyotumika katika meli za watumwa, wamelala katika maji yaliyovuja ndani, kiseyeye kikiwamaliza.

Baadaye serikali ilibadilisha mikataba ili sehemu ya malipo itegemee watu kufika salama, na kuanzia mwaka 1815 kila meli ikawa na daktari wa kuwasimamia wafungwa. Vifo vikapungua sana. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Ugonjwa haukuwa mpya wala bahari haikutulia. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mtu wa kupata hasara mfungwa akifa. Ninawaomba wasomaji wangu wakumbuke mkataba huo watakapofika mwisho wa insha hii.

Na je, serikali yenyewe iliiona adhabu hii kama huruma? Mwaka 1819 Lord Bathurst, waziri wa makoloni, alimtuma John Thomas Bigge kwenda kulichunguza koloni la New South Wales. Maagizo yake yalisisitiza kwamba kutupwa huko lazima kuwe jambo la kutisha kwelikweli, kwa kuwa alihofu watu wa Uingereza wameacha kuliogopa. Ndiyo kusema malalamiko ya waliotuma yalikuwa kwamba ukatili hautoshi. Halafu kamati ya Bunge ya mwaka 1837 na 1838, chini ya William Molesworth, ikaja ikaulinganisha na utumwa mfumo wa kuwagawa wafungwa kwa walowezi. Miaka 120 baada ya sheria ya 1718, wenye adhabu hawakuwa wamekubaliana kama wanatisha au wanasamehe. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mwizi wa London hakuviona viboko vya kisiwa cha Norfolk. Aliona tu kwamba jirani yake ametoweka.

Nakubali, wapo waliofanikiwa. Mary Reibey alihukumiwa akiwa msichana wa miaka 13 kwa wizi wa farasi, akaja kuwa mfanyabiashara mkubwa wa Sydney, na sura yake iko katika noti ya dola 20 ya Australia. Francis Greenway, msanifu wa majengo, alihukumiwa kwa kughushi hati, na alipamba noti ya dola 10 kwa miaka mingi. Mtu wa kughushi kwenye pesa! Hapo nawapa Waaustralia heshima yao kwa ucheshi. Mwenzangu aliwataja wote wawili. Lakini huwezi kuipima adhabu kwa wachache waliotajirika ndani yake, kama vile usivyoweza kuupima utumwa kwa watumwa wachache waliokuja kuwa watu wakubwa katika nyumba za mabwana zao.

Na utajiri wenyewe ulitoka wapi? Ardhi waliyogawiwa wafungwa waliomaliza muda wao ilikuwa na wenyewe. Pale meli za Phillip zilipotia nanga palikuwa kwa Wagadigal. Mwaka uliofuata, 1789, ndui ilizuka kati ya watu wa pwani ile, ikaua wengi kiasi kwamba maiti zilikutwa ufukoni na mapangoni bila wa kuzizika. Uingereza iliitendea nchi yao kama nchi isiyo na mwenyewe. Mahakama Kuu ya Australia ilikuja kuikataa fikra hiyo mwaka 1992, katika kesi iliyofunguliwa na Eddie Mabo na wenzake, miaka 204 baada ya meli zile kufika.

Hapa ndipo ninapomlaumu mwenzangu, ingawa ni rafiki yangu. Alipopima faida na hasara za adhabu hii aliwahesabu wawili: mfungwa, na serikali iliyomtuma. Wa tatu hakuonekana. Ni kama watu wa nyumba moja wametupa takataka uani kwa jirani, nasi tunaitwa kuamua shauri, tunauliza tu kama nyumba yao sasa ni safi.

Wa tatu aliwahi kukataa, na ilikuwa katika bara letu. Mwaka 1849 meli iitwayo Neptune ilifika Simon's Bay, karibu na Cape Town, ikiwa na wafungwa karibu 300. Wakazi walikuwa wamekwisha kuunda chama cha kupinga wafungwa kushushwa. Waliahidiana kutomuuzia chakula mtu yeyote anayehusika na meli ile, hata serikali ya koloni yenyewe. Meli ilikaa ghubani miezi 5. Wafungwa hawakushuka, mpaka ikaja amri kutoka London kwamba waendelee na safari hadi Tasmania, wakaondoka Februari 1850. Barabara kuu ya Cape Town ikapewa jina la Adderley, mbunge wa Uingereza aliyewaunga mkono.

Ninaisimulia habari hii kwa furaha nusu. Wenye sauti katika mgomo ule walikuwa walowezi, na koloni lao hilohilo lilikuwa likiwatupa wengine. David Stuurman, kiongozi wa Wakhoi aliyepambana nao, alifungwa kisiwa cha Robben, akatoroka mara mbili, na mwaka 1823 akapelekwa Sydney. Alifia huko mwaka 1830. Kwa hiyo Afrika haikuwa tu mahali ambapo meli ya wafungwa ilikataliwa. Palikuwa pia mahali pa kupakilia.

Mimi nimezaliwa Hoima. Ukitoka mjini kwetu kwenda Masindi unapita Mparo, penye kaburi la Omukama Kabalega, na hakuna mtoto wa Bunyoro asiyejua habari zake. Aliwapiga vita Waingereza kwa miaka kadhaa. Tarehe 9 Aprili 1899 yeye na Kabaka Mwanga wa Buganda walikamatwa huko Lango. Hawakufikishwa mbele ya hakimu. Walipelekwa pwani, na hatimaye Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Kabalega alikaa mpaka mwaka 1923, mzee, na mkono mmoja tu kwa kuwa mwingine ulikatwa baada ya kupigwa risasi. Alipopewa ruhusa ya kurudi alifika Jinja, akafa mwezi wa Aprili kabla ya kuiona Bunyoro. Kisiwani huko alikuwa na wenzake wengi wa hali yake. Prempeh wa Asante alikuwa huko, Yaa Asantewaa alifia huko, na Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar naye alipitishwa huko.

Mtu ataniambia: hao walikuwa watawala walioshindwa vitani, si wahalifu, umechanganya mambo. Nimechanganya kwa makusudi. Dola iliyojizoesha kwa karne mbili kumtupa mwizi ng'ambo haikuona ugumu kumtupa mfalme. Njia ni ileile, na meli ni zilezile; kilichopungua ni kesi. Ndiyo maana siwezi kuwasikiliza wanaosema adhabu hii ilikuwa ya zama zake na wahalifu wake. Ukishaitengeneza njia ya kumwondoa mtu bila kumuuliza anayempokea, utapata watu wengine wa kuwapitisha humo.

Sasa nije kwenye siku zetu. Mwaka 2022 Uingereza ilitia saini na Rwanda mpango wa kuwapeleka Kigali watu waliofika Uingereza wakiomba hifadhi. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mpango huo ni kinyume cha sheria, Bunge likatunga sheria nyingine kuukwepa uamuzi huo, na mwaka 2024 serikali mpya ikaufuta. Hao walikuwa waomba hifadhi, na sitaki kuwaita wahalifu.

Lakini Julai 2025 Marekani iliwapeleka Eswatini wanaume 5, wenyeji wa Vietnam, Laos, Yemen, Kuba na Jamaika. Hao walikuwa wamehukumiwa kwa makosa Marekani, na mawakili wao walisema vifungo vyao walikwisha kuvimaliza. Wakawekwa katika gereza la Matsapha, katika nchi ambayo hawakuikosea lolote. Marekani ilisema nchi zao ziliwakataa. Jamaika ikasema haikumkataa mtu wake, na Septemba akarudishwa kwao. Mwezi huohuo wa Julai wanaume 8 walipelekwa Sudan Kusini, baada ya kuzuiliwa kwa wiki kadhaa katika kambi ya jeshi la Marekani huko Djibouti, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa wa Sudan Kusini. Nani aliwahukumu wanaume wa Eswatini gereza la pili? Ninawaomba wenzangu wa sheria wanionyeshe hakimu huyo. Mimi namwona Cullyhorn amesimama Sydney akisema muda wake umekwisha.

Agosti 2025 zamu ikafika kwetu. Habari kwamba Uganda imekubali kupokea watu wa nchi nyingine kutoka Marekani tulizisoma kwanza katika vyombo vya habari vya nje. Kiongozi mmoja wa wizara ya mambo ya nje akakanusha; kisha wizara hiyohiyo ikathibitisha. Ilisema mpango huo ni wa muda, kwamba hautawahusu wenye rekodi za uhalifu wala watoto wasio na walezi, na kwamba Uganda inapendelea waletwe watu kutoka nchi za Afrika. Masharti haya ni bora kuliko ya Eswatini, na nchi yetu ina haki ya kujisifu kwa wakimbizi tunaowahifadhi, ambao ni wengi kuliko katika nchi nyingine yoyote ya Afrika. Mimi mwenyewe nimesoma darasa moja na watoto wa Kongo waliokuja wakibeba magodoro, na Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwao, si kwa kitabu.

Ndiyo maana sikubali mambo haya mawili yaitwe jina moja. Mkimbizi wa Kongo alivuka mpaka kwa miguu yake akatuomba tumpokee. Anayeletwa kwa ndege kutoka Texas hakutuomba, nasi hatukuombwa. Walioombana ni wengine. Sisemi afukuzwe akifika. Akifika ni mgeni, apewe maji na mahali pa kulala. Nasema kwamba mkataba uliomleta usomwe kwa sauti Bungeni kabla ya ndege kutua, tena kwa lugha ambayo bibi yangu anaielewa, ili tujue mambo machache ya kawaida. Neno "muda" maana yake ni miezi mingapi? Hati zake zinakuja naye, au zinabaki kule kama zile za mwaka 1787? Fedha zinatolewa kwa kila anayepakiwa, au kwa hali atakayokuwa nayo mwaka mmoja baadaye? Nauli ya kurudi iko katika bajeti ya nani?

Mwenzangu wa mdahalo ameisoma rasimu ya insha hii. Ameniambia sehemu ya Cape Town hakuijua, na kwamba Mary Reibey nimemwonea. Amekubali turudie mdahalo muhula ujao, kwa sharti kwamba hoja iandikwe upya ili imtaje anayepokea, na kwamba safari hii aanze yeye kuzungumza.